Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Insha zinazopambwa bila hoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

Mheshimiwa,

Chukua rundo lolote la madaftari ya Gredi ya 8 usome aya za kwanza tu. "Wahenga hawakukosea waliponena..." Kisha methali, kisha tashbihi, na mwandishi bado hajasema anataka nini. Mazoea haya yalilelewa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani wenyewe ulikoma 2023, mazoea yamebaki.

Nilimpa mwanafunzi wangu mmoja mada ile isiyozeeka: simu zipigwe marufuku shuleni. Akanijazia kurasa za kulaani simu, utadhani hakuna binadamu anayeweza kumbishia. Nikamwambia aziache simu, amwandikie mwalimu mkuu kuhusu jambo linalomkera yeye. Akachagua mfereji unaofungwa hadi saa nne. Rasimu ya kwanza ilikuwa malalamiko matupu. Nikamuuliza, "Mwalimu mkuu atakukatalia kwa lipi?" Akatafuna kalamu kidogo. Rasimu ya pili ikaanza hivi: "Mwalimu, najua bili ya maji ni kubwa. Ndiyo maana naomba mfereji mmoja tu, viranja wausimamie." Hamna methali hata moja humo, na ndiyo insha iliyonishawishi kuliko zote muhula huu.

Ufundi wenyewe ndio huo: kumtambua msomaji, kulikabili pingamizi lake, kumpa sababu na njia ya kukubali bila kuaibika. Wala si mambo ya kuazima ng'ambo. Mshairi Muyaka alipowarushia watu wa Lamu beti zake kutoka Mombasa karne ya 19, alijibiwa kwa beti.

Ninachoomba ni hiki. Keti na KNEC, baraza la mitihani, mkubaliane kwamba insha ya hoja kwenye KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, itakuwa na alama zake za kujibu pingamizi, ziandikwe waziwazi katika mwongozo wa kusahihisha. Sisi walimu hufundisha kinachosahihishwa, tusidanganyane. Pili, ruhusu barua halisi zihesabiwe kama kazi ya darasa: kwa mwakilishi wadi, kwa mhariri wa Taifa Leo. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, lakini wanafunzi wangu hawajawahi kuonyeshwa ombi kama hilo linavyoandikwa.

Waraka mmoja kwa wakurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya muhula ujao ungetosha kuanzia.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili, sekondari msingi