Baruti Haikuwa Mbichi

Kentwood, Michigan
Jumapili, 2 Novemba 2025

Baba,

Usishtuke kuona karatasi. Ningekutumia ujumbe wa sauti kama kawaida yangu, dakika saba za kukohoa na kukuuliza kama umekula, ila najijua: hili nikilisema kwa mdomo nitaligeuza utani katikati ya njia. Leo wamerudisha saa nyuma, kama kila Novemba. Nimeamka nyumba yote imelala, nimekaa jikoni na chai, na mama yako hajui ninaandika nini.

Mdogo wako ameniambia wenzako wa bwenini walikualika kwenda nao kuwinda porini tarehe 15, kwenye shamba la babu wa mmoja wao, ukakataa. Anasema uliwajibu kwamba wewe una mkosi, kulungu akikusikia tu anahama wilaya. Alinihadithia huku anacheka. Mimi nilijifanya natafuta ufunguo wa gari.

Babu yako uliyerithi jina lake hukumkuta, lakini ile kauli yake umekua nayo. Kule Sikonge, kusini ya Tabora, mzee alikuwa na gobore lenye bomba refu kuliko mimi. Kiangazi, miombo ikipukutisha majani, aliingia porini na wenzake wa asali, mara nyingine wakarudi na pongo, mara nyingi na asali tu. Akirudi mikono mitupu sababu ilikuwa moja: baruti ilikuwa mbichi. Hata mwezi wa tisa, wakati nyasi zinakaribia kuwaka zenyewe, baruti ya mzee ilikuwa mbichi. Bibi yako aliitikia "eeh" na kuinjika mlenda. Ndiyo maana nyumbani kwetu mtu akifeli hesabu, au akichelewa kanisani, tunamuuliza kama baruti ilikuwa mbichi. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo nilipofeli mtihani wa udereva mara ya pili.

Sasa turudi huku. Unakumbuka nilivyokuwa nalalamika kazini? Hapa Michigan msimu wa bunduki unaanza tarehe 15 Novemba na kuisha tarehe 30, iwe Jumatatu iwe Jumapili, na siku hiyo ni sikukuu isiyoandikwa kwenye kalenda. Kuna shule zinafunga. Kule kazini wenyeji waliandikisha likizo yao toka Januari, na likizo inagawiwa kwa miaka ya utumishi, kwa hiyo sisi tuliochelewa kuingia ndio tuliobaki kuendesha mashine za watu watatu watatu. Miaka minne nilisikia hadithi za porini Jumatatu yake, nikiwa nimesimama na fagio. Mwaka 2020 tarehe 15 ikaangukia Jumapili. Nikasema, mwaka huu ni wetu.

Hasira nyingine ilikuwa ya bustani, nakiri. Kiangazi chote wale wanyama walikuja nyuma ya nyumba wakala mchicha wa mama yako, wakamaliza majani ya maboga, wakaacha miiba ya bilinganya. Mmoja alikuwa ananitazama dirishani huku anatafuna. Na huwezi kumfanya kitu, sheria inataka uwe futi 450 kutoka kwenye nyumba ya mtu ndipo ufyatue. Mjini wanazurura kama mbuzi wa mtaani. Ukienda porini na leseni mfukoni, huoni hata mkia.

(Mama yako mpaka leo hataki tuwaite kulungu. Anasema kulungu ni mnyama wa kwetu, na huyu ni ayala, yule wa Zaburi ya 42 anayeonea shauku mito ya maji. Kwa kweli ana hoja. Hawa wa huku huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine, jambo ambalo pongo wala swala hafanyi, na Afrika ukoo huu hauko ila huko juu kabisa, Algeria na Tunisia. Lakini nani anasema "naenda kuwinda ayala"? Mtu atadhani unakwenda kwaya.)

Tulisoma darasa la usalama pamoja, kwa sababu hapa anayekata leseni kwa mara ya kwanza na kazaliwa kuanzia 1960 lazima awe na cheti. Ulinishinda kwa alama. Dola 11 leseni ya msingi, 20 ya kulungu, 20 nyingine kibali cha jike, na hiyo ni mimi peke yangu. Vizibao viwili vya rangi ya chungwa, viatu, na ile bunduki ya Marlin ya mkono wa pili niliyomficha mama yako bei yake. Risasi mwaka ule zilikuwa zimeadimika madukani, nikapata boksi moja tu. Mdogo wako alipiga hesabu ya bei ya nyama kwa kilo akaacha, maana huwezi kugawa kwa sifuri.

Siku ya kwanza unaikumbuka. Tuliondoka saa tisa usiku, tukaifuata barabara ya M-37 mpaka Baldwin, tukaingia kwenye msitu wa Manistee, na mahali tulipokuwa tumepachagua Oktoba, penye mialoni na njia ya mnyama iliyokanyagwa mpaka udongo unaonekana, tukakuta magari mawili yameegeshwa. Tukasogea mbele, gari. Mbele tena, gari, na mtu akatumulika na tochi usoni, akauliza tumepotea? Watu wawili weusi na bunduki, gizani, na yeye ana bunduki. Ulimjibu wewe, kwa Kiingereza chako cha shule, kwamba hatujapotea, tunatafuta pa kukaa kama yeye. Akatutakia heri. Moyo wangu uliendelea kwenda mbio mpaka kulipopambazuka, na sikukwambia.

Halafu upepo. Siku ile ulivuma mpaka miti ikalia, umeme ukakatika majumbani, na mnyama mwenye akili alikuwa amelala bondeni. Niliachia majivu kwenye kitambaa kama alivyokuwa anafanya babu yako ili kuujua upepo unakotoka. Majivu yakanirudia machoni. Juu ya hayo, koti langu lilikuwa limetundikwa jikoni usiku ambao mama yako alikaanga dagaa. Nadhani wilaya nzima ya Lake County ilijua kuna watu wa Kigoma wameingia. Tulirudi jioni, na redioni wanasema vizuizi vipya vya korona vinaanza Jumatano, shule za sekondari zinarudi kwenye kompyuta. Ukasema, "Afadhali, tutapata muda wa kuja tena." Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kupata dume.

Tukarudi mara tatu. Mara ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili jamaa mmoja alikatiza mbele yetu saa mbili asubuhi akipiga mluzi. Ya tatu ndiyo ile Jumamosi, tarehe 28, zikiwa zimebaki siku mbili msimu ufungwe.

Umande ulikuwa umeganda asubuhi na mpaka mchana kivulini haukuwa umeyeyuka. Ulikaa kushoto kwangu, mgongo kwenye ule msonobari ulioanguka. Vidole vyako vilikuwa vyekundu, hukulalamika. Tulikula maandazi kwa kuyavunja mfukoni ili karatasi isilie. Saa kumi na dakika arobaini yule jike akatoka kwenye vichaka, peke yake, akitembea kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye msiba. Hatua tatu, anasimama. Masikio yanazunguka moja moja. Ulimwona kabla yangu; ulinigusa goti kwa kidole kimoja tu, kama tulivyokubaliana. Alifika kama hatua sitini, akageuka ubavu, nyuma yake kuna mwinuko wa udongo, hakuna nyumba, hakuna mtu. Kila kitu walichotufundisha darasani kilikuwa mahali pake.

Nikanyanyua bunduki. Nikavuta nyundo nyuma kwa dole gumba. Hapo ndipo zipu ya koti lako ilipolia, kidogo sana, zi. Jike akainua kichwa. Hakukimbia, baba. Nataka ulisome hili mara mbili: hakukimbia. Alisimama pale pale, ubavu ule ule, anatutazama, nami nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi, kuitoa nusu, na kuvuta triga.

Ta.

Sauti ya kijiko kwenye sahani. Hakuna mlipuko, hakuna moshi. Ni sauti ile iliyomkimbiza. Alipuliza pua, mkia mweupe ukasimama kama leso, na kwisha.

Nami nikakugeukia. Maneno niliyosema unayajua, siwezi kuyaandika yote. Nilikwambia wewe na zipu yako. Nilikwambia huwezi kukaa kama mwanaume hata saa moja. Nilikwambia dola mia ngapi na usiku ngapi zimepotea kwa ajili ya zipu. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulinitazama tu, ukasema "Samahani, baba," ukaanza kukusanya vitu.

Marlin ile ina kitufe cha usalama kinachopita ubavuni, nyuma ya chemba. Kikiwa kimesukumwa upande wa usalama, nyundo utaivuta, triga utaivuta, nyundo itaanguka na kugonga chuma, na risasi haitatoka. Inalia "ta" tu. Wenye bunduki za aina hii wanaijua vizuri sauti hiyo. Ulipoinama kufunga begi nilipitisha kidole pale, nikakikuta kitufe kimekaa upande wa usalama, nilikokisukuma mwenyewe asubuhi tukivuka mti, wewe ukiwa nyuma yangu. Nilijua hapo hapo, hata dakika haijapita. Nikaendelea kukunja uso na kusema tuondoke.

Saa moja na nusu mpaka nyumbani, wewe umeangalia dirisha. Mama yako alipofungua mlango akauliza vipi, nikasema mtoto kamfukuza. Mbele yako. Na tangu siku hiyo hukuingia tena porini na mimi, kila Novemba una mtihani, una mpira, una kazi.

Nilitaka kukwambia 2022. Yule dume wa pembe nne niliyempata peke yangu, unakumbuka, ilikuwa mwaka wa kwanza wa ile sheria ya kumripoti mnyama kwenye mtandao ndani ya saa 72, na mimi mambo ya fomu siyawezi. Ulikaa kwenye kiti hiki hiki nilichokalia sasa, unanijazia kwenye simu. Ukauliza wilaya, nikajibu. Ukauliza jike au dume, nikajibu. Halafu ukauliza, bila kuinua macho, "Huyu hakusikia kitu?" Nilikuwa na neno mdomoni. Nikasema upepo ulikuwa mzuri.

Babu yako angalau baruti yake ilikuwa na kosa lake peke yake. Hakuwahi kumbebesha mtoto. Mimi nilikuwa nakwenda naye porini nikiwa na miaka minane, napiga chafya, nakanyaga vijiti vikavu, na tukirudi bila kitu bado ilikuwa ni baruti. Sasa nikiwaza, sidhani bibi yako alikuwa anamcheka yeye peke yake alipoitikia "eeh". Nadhani alikuwa ananitazama na mimi.

Nisamehe, mwanangu. Kwa maneno yale, na kwa miaka mitano ya kunyamaza, ambayo naona ni mibaya zaidi.

Nenda na hao wenzako kama nafasi bado ipo. Waambie unakaa vizuri kuliko baba yako, na ni kweli. Huko chuoni kwako Houghton najua theluji imeshaanza, vaa soksi za sufu, zile za pamba zikilowa ndiyo basi. Ukiona ni mbali na mambo ni mengi, acha, sitauliza. Lakini kama utakuja nyumbani kwa Sikukuu ya Shukrani, mwaka huu tarehe 30, siku ya mwisho ya msimu, ni Jumapili, na Desemba kuna siku chache za magobore. Nimenunua moja. Mama yako hajaambiwa bei ya hili nalo. Nimelisafisha jana usiku, nimeliegemeza kabatini, na baruti nimeiweka juu ya friji kwenye kopo la Africafé, mahali pakavu.

Utalishika wewe. Mimi nitabeba chai, na koti langu nimelihamishia gereji.

Mama yako na mdogo wako wanakusalimu. Jibu ukipata nafasi, hata kwa sauti.

Ni mimi baba yako