Sifongo ya mimea asilimia 100? Leteni mizani

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile ripoti yenu ya sifongo ya maranda ya mbao, ati ni ya "mimea asilimia 100", imenishinda kunyamaza. 100 ya wapi jamani?

Mnaandika eti maranda yanayeyushwa, yanachanganywa, povu linafura, kwisha habari. Maranda hayayeyuki kama chumvi. Yanachemshwa ndani ya polietilini glaikoli na gliseroli, vimiminika vizito, unatia asidi ya salfuriki kidogo, joto la nyuzi 150 hivi, saa moja na ushee, na mara nyingi kilo 1 ya maranda inakula kilo 4 au 5 za hicho kimiminika. Mgeni kamzidi mwenyeji! Na hiyo glaikoli kwa kawaida inatoka kwenye mafuta ghafi. Bado hujatia isosayaneti, ile kemikali inayoshikanisha huo uji uwe sifongo, nayo kwa kawaida ya mafuta ghafi, na poliyurethani, plastiki ya sifongo hizi, kwa kawaida haitengenezwi bila isosayaneti, ndivyo ilivyo tangu mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake walipoivumbua mwaka 1937. Gliseroli nitaitetea, hiyo mara nyingi ni mabaki ya biodizeli, dizeli ya mafuta ya mimea.

Sisemi ya kusikia, nimepika mwenyewe. Mara ya kwanza niliacha chungu motoni nikidhani maranda yakikaa sana ndio yanayeyuka zaidi, kumbe ukipitiliza vile vipande vilivyovunjika vinaanza kushikana upya, nikakuta donge jeusi chini hata kisu hakiingii. Mara ya pili nikapata uji mweusi safi kabisa unang'aa, nikafurahi mpaka nikasahau kuua asidi kwa kostiki soda, nikamwaga isosayaneti, maji, na amini, kichocheo cha kuharakisha povu, nikasimama na saa mkononi nasubiri hewa ya kaboni, ile inayotoka maji yakikutana na isosayaneti, ifanye kazi yake, povu likapanda vidole viwili, likatetemeka, likarudi chini taratibu mbele ya macho yangu likaganda hivyo hivyo, kumbe asidi imeshaimeza amini yote. Siku tatu nakwangua kopo! Ripoti yenu haina hata neno moja la asidi.

Halafu ile picha. Kijana anakoroga mikono mitupu, pua iko juu ya ndoo, anacheka. Isosayaneti inaleta pumu, na kifua kikishaikataa basi hata harufu kidogo tu inakubana, ila nyie mmeandika chini "teknolojia rafiki". Rafiki wa nani? Na mnaofikiri kitu kikitoka kwenye mti lazima kitaoza chenyewe kikitupwa, hilo nalo mmelitoa wapi?

Dawa ninayo. Siku nyingine kabla ya kuchapa "asilimia 100" mwandishi apime gramu 20 za maranda na gramu 100 za glaikoli, apige picha namba za mizani zisomeke. Mizani, sio glasi, maana kwa macho maranda yataonekana mengi na mtadanganyika tena. Na huyo wa kushika avae glavu.

Mpika maranda mstaafu