Ndugu zetu wa pwani, tuambieni saa ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni tangu likizo ya Juni ya mwaka jana. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mbuyuni hapa Moshi, na tunaishi Rau. Tuna watoto watatu. Kifungua mimba ana miaka kumi na minne, wa kati kumi, kitinda mimba mitano. Tuliwapeleka Unguja, na kwa sisi sote watano ilikuwa mara ya kwanza kuingiza mguu baharini. Siandiki kudai fedha. Naandika kuwaomba wenye nyumba za wageni, wenye boti, walimu, na wewe pia Mhariri, mtusaidie watu wa bara kujua saa ya maji, yaani saa bahari inapokupwa na inapojaa.

Watu wa hapa wanajua kwa nini tulikwenda Juni. Desemba kwetu hakuna anayetoka. Desemba ndiyo watu wanapanda kuja, kutoka Dar, Mwanza na kokote walikotawanyika, na fundi kama mimi halali kwa ajili ya sare za harusi na magauni ya kipaimara. Juni kazi hupoa, watoto wamefunga shule, na mgao wa kikoba chetu huwa mwezi wa tano. Miaka miwili niliuweka mgao huo bila kuugusa, hata mashine yangu ya pili ilipokufa mota.

Safari yenyewe sina la kulalamikia. Basi la alfajiri hadi Dar, tukalala kwa wifi yangu Temeke, asubuhi tukapanda boti. Baharini ni kama saa mbili, na wa kati alitapika zote mbili. Mji Mkongwe tulilala usiku mmoja, tukala urojo Forodhani, kisha daladala namba 309 hadi Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa, kilomita zaidi ya 50 kutoka mjini. Huko tulikaa siku nne kwenye nyumba ya wageni ya bei ya watu kama sisi. Siitaji jina, maana walitupokea kwa ukarimu na nisingependa wakose riziki kwa sababu ya barua hii.

Kijana aliyetupokea alituzungusha vizuri. Alituonyesha bafu, akatupa namba ya siri ya waifai, akasema chai ni kuanzia saa moja hadi saa tatu, geti hufungwa saa nne usiku, na watoto wasiache ndala nje kwa sababu ya mbwa. Saa ya maji hakuitaja. Nasi hatukuuliza, kwa kuwa hatukujua kwamba ni kitu cha kuulizwa.

Siku ya pili yake asubuhi tulipofungua dirisha, bahari haikuwepo. Jioni tuliiacha ikipiga ukuta wa nyumba, na usiku mbalamwezi ilikuwa nyeupe kama mchana. Asubuhi palikuwa na uwanja wa mchanga na vidimbwi, na mbali sana mstari mweupe ambako mawimbi yalikuwa yakivunjikia mwambani. Watoto walipiga kelele za furaha. Tulikunywa chai bila haraka, watoto wakacheza mpira pale pale mbele ya nyumba, na ilipofika kama saa sita baba watoto akasema twende tukawaone akina mama wa mwani.

Kwa ambaye hajaona, mwani ni majani ya baharini yanayolimwa. Kilimo hicho cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na pale Jambiani na Paje wakulima wengi ni wanawake. Wanachomeka vijiti mchangani, wanavuta kamba kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba wanafunga vichane vya mwani, kimoja kimoja, kwa uzi. Nilichuchumaa nikatazama vidole vya mama mmoja akifunga. Mimi nafunga vishikizo tangu nina miaka kumi na saba, lakini sijaona mkono unaofunga kifundo ndani ya maji bila kutazama namna ile. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeupe, na kwenye nyusi zake chumvi ilikuwa imekauka kama unga. Tukazungumza. Kifungua mimba wangu akaomba kujaribu, akafunga vitatu, viwili vikafunguka.

Hapo ndipo tulipokosea. Wenzake walikuwa wanafunga magunia na kuyaburuta kuelekea nchi kavu. Mimi niliona watu waliomaliza kazi. Mtu wa pwani angeona saa. Tukamuaga yule mama, tukasogea mbele zaidi kufuata samaki wa nyota, wekundu, mmoja hapa, mwingine pale. Tulikuwa tumesimama kwenye fungu la mchanga mkavu kabisa. Kitinda mimba alikuwa anachora nyumba kwa kidole.

Nikasikia sauti ya mama yule nyuma yetu: “Nyie wageni! Rudini! Maji yanajaa!”

Niligeuka nikashangaa, kwa sababu mbele yetu, upande wa mwamba, bahari ilikuwa bado mbali. Lakini maji hayakuwa yamekuja kwa mbele. Yalikuwa yameingia kwa pembeni, kupitia bonde ambalo tulipokuwa tunakuja lilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, na sasa lilikuwa mto kati yetu na kijiji. Hapakuwa na wimbi wala kelele. Maji yalikuwa yakipanda kimya kimya huku yakibeba povu na vipande vya mwani, na yalikuwa na nguvu.

Baba watoto alimbeba mdogo mgongoni. Mama yule aliacha gunia lake, akaja hadi tulipo, akamshika wa kati kifundo cha mkono, akatuambia tumfuate nyuma yake na tuburute miguu chini, tusiinyanyue, maana samaki aitwaye taa hulala mchangani na ukimkanyaga anachoma. Hakutupitisha njia tuliyojia. Alizunguka upande wa kusini, ambako kumbe chini kuna mgongo wa mchanga anaoujua yeye. Hata hivyo maji yalimfika mume wangu kiunoni, na mwanangu wa kati, ambaye hajui kuogelea kama mimi nisivyojua, yalimfika kifuani. Niliona kidevu chake kinatetemeka. Alikuwa halii. Alikuwa anamtazama yule mama tu.

Tulipofika ufukweni nilikaa chini na kanga yangu iliyolowa, miguu haina nguvu. Kifungua mimba alikuwa amekanyaga mwiba wa wale wanyama weusi wa baharini wenye miiba kama sindano, na hakuwa amesema neno njia nzima. Mama akamtuma mtoto wa jirani akalete papai bichi, akalikwaruza, akampaka utomvu wake. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: “Mwanangu, kwani hapo mlipofikia hawakukwambieni kuwa ni bamvua?”

Neno lenyewe nilikuwa silijui, Mhariri. Akanieleza kwa kuhesabu vidole. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa wa kumi na nne na kumi na tano, bahari huwa bamvua, hupwa sana na hujaa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Siku za bamvua kwao maji hukauka mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, na saa kumi au kumi na moja jioni yamo ukutani. Kila siku huchelewa kwa karibu saa nzima. Na kujaa kwake si kwa mwendo mmoja. Mwanzoni yanaingia kwa uvivu, mtu anadanganyika, kisha saa ya tatu na ya nne yanakuja kwa pupa. Sisi tuliondoka nchi kavu saa sita, wakati maji yalishaanza safari ya kurudi.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka kwamba jambo hili nililisoma shuleni. Kidato cha tatu, somo la Jiografia, mwalimu alichora jua, dunia na mwezi ubaoni, tukakariri kwa Kiingereza majina ya aina mbili za maji kujaa, na kwenye mtihani nilipata alama zote za swali hilo. Hakuna siku niliyoambiwa kwamba kile nilichokariri ndicho bamvua na maji mafu, kwamba kina saa zake, na kwamba kinaweza kumchukua mtoto wangu. Nilibeba maarifa hayo kichwani zaidi ya miaka ishirini kama nguo iliyoshonwa ikaachwa kabatini. Yule mama, ambaye sijui kama alifika hata darasa la saba, ndiye alikuwa nayo mkononi.

Nilikumbuka pia kwetu Kibosho nilikokulia. Huko maji yetu ni ya mfongo, yaani mfereji, yanatoka juu mlimani yanashuka shambani kwa zamu, kila nyumba na siku yake na saa yake. Mgeni akilala kwetu anaambiwa kabla hajauliza: kesho alfajiri ni zamu yetu, usishangae ukisikia watu nje na majembe. Mtoto wa mfongo anajua kitu kimoja kuhusu maji, kwamba yakishapita yamepita, hayapandi kurudi. Ndiyo sababu hatukutazama nyuma. Siwezi kumlaumu mtu wa pwani kwa kudhani kila mtu anajua kupwa na kujaa, kama mimi nilivyodhani kila mtu anajua kwamba baridi ya Juni huku inataka sweta. Kwake ni kama kuambiwa jua litazama. Lakini watu wa bara sasa tunakuja. Tunakuja na vikoba vyetu, na shule zetu kwa mabasi, na vikundi vya kwaya. Tunakuja na watoto ambao maji ya kina zaidi waliyowahi kuona ni ya pipa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye nyumba za wageni, Unguja, Pemba, Mafia, Bagamoyo, Tanga, kote. Wekeni ubao mdogo pale mnapowekea chai. Andikeni kwa chaki, kila asubuhi: leo maji yanakupwa saa fulani, yanajaa saa fulani, leo ni bamvua au maji mafu. Misikitini kuna ubao wa saa za swala na mtu hapotei. Gharama yake ni chaki. Na yule anayempokea mgeni, kabla ya namba ya waifai, aseme sentensi moja ya maji. Amwambie pia kwamba wakulima wa mwani wakianza kurudi nchi kavu, naye arudi.

Kwa wenye boti: abiria mnao kwa saa mbili nzima wamekaa wanatazama televisheni. Dakika moja ya Kiswahili kuhusu bahari wanayokwenda kuogelea haitawapunguzia kitu.

Walimu wetu wa Jiografia hapa Moshi na Arusha, mkishamaliza kuchora mwezi ubaoni, tajeni na majina ya watu wa pwani. Watoto hawa watakwenda huko siku moja.

Na kwako Mhariri. Gazeti lako huandika hali ya hewa ya miji. Ongeza mstari mmoja wa saa za kupwa na kujaa. Saa hizo hujulikana mwaka mzima kabla, maana zinafuata mwezi na jua, na mabaharia wanazo kwenye majedwali. Bamvua moja ya pwani yetu hupandisha maji zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita, na mtu mzima hana urefu huo.

Mama yule nilimshonea magauni mawili na suruali za kuvaa shambani baharini, nikayatuma kwa mtu wa boti, na alinipigia simu kusema suruali zimemkaa. Ndiye niliyemuuliza kuhusu safari yetu ya mwaka huu, kwa sababu watoto hawajakoma na mimi sitaki wakome. Amenihesabia. Tutafika siku ya saba ya mwezi mwandamo, maji yatakuwa mafu, na mwendo wa saa nne asubuhi yatakuwa yamejaa pale pale mbele ya nyumba. Amesema atamfundisha wa kati kuelea.

Mama wa watoto watatu,
Rau, Moshi