Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa muvi na ile sheria yangu

Wanachama wenzangu, habari za siku. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Katibu kanikumbusha mara tatu kwamba taarifa ya mwaka inatakiwa kabla ya mkutano, haya hii hapa, na nasema mapema kabisa kwamba mambo ya hela atasoma mhazini mwenyewe, mimi nataka niongelee muvi manake ndo zinatukutanisha pale uani Ngamiani kila baada ya wiki mbili, sio kahawa ya mama yangu kama wengine mnavyodai.

Na maoni ni yangu, msije mkasema chama kimetamka.

Mwaka tulianza na sheria yangu ile, mnaikumbuka, kwamba muvi ikianza hakuna kuongea, mwenye stori akapigie barazani. Niliitoa kwa nia njema, nilikuwa nimechoka na watu wa "sasa hivi anapigwa risasi huyo" alafu kweli anapigwa. Muvi tatu za kwanza zikawa za nje, maandishi chini kwa Kiingereza, watu wakanyamaza kweli, wakanyamaza mpaka nikasikia mtu anakoroma, na nilipowasha taa nusu ya mkeka hamna mtu. Nikajiambia labda ni baridi. Tanga, mwezi wa pili, baridi!

Ya nne ikawa Vuta N'kuvute, ile ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950 ya Mwingereza, Yasmin katoroka ndoa ya mzee anakuja kukutana na Denge na siasa zake. Walioisoma shuleni walikuja na kitabu kichwani na kila dakika tano wanataka kusema "kwenye kitabu sio hivi" ila wanaogopa sheria, wanaminyana tu viwiko. Mimi niliipenda sana, kile Kiswahili kinavyotoka mdomoni mwa watu bila haraka, na Siti Amina akiimba pale mtu unasahau umekalia ndoo. Inaenda taratibu, hilo nakubali, kuna sehemu kamera inamwangalia mtu mpaka wewe mwenyewe unaona aibu. Lakini angalieni, siku hiyo hakuna aliyelala, hata mzee wetu wa bandarini ambaye hulala kwenye harusi.

Binti ya Seko Shamte nayo ya 2021, wanawake wanne wa Dar es Salaam. Hiyo siichambui sana manake iliyochambuliwa ni ndoa za watu pale uani, tumetoka saa sita usiku na mmoja wetu hajasalimiana na mkewe mpaka Jumatatu. Muvi nzuri, ila stori nne kwenye muvi moja, mtu akianza kukuingia moyoni wanakuhamishia kwa mwingine.

Sasa Sholay. Ile ya 1975 ya Ramesh Sippy, Amitabh na Dharmendra, zaidi ya masaa matatu. Niliiweka kwa shingo upande, bibi yetu wa Chumbageni aliiomba kila kikao na mimi nikawa nampiga chenga, nikijua Kihindi hajui na maandishi ya chini hawezi kuyasoma, macho yenyewe yale. Kumbe bibi aliiona sinema mjini enzi hizo akiwa msichana, tena zaidi ya mara moja. Dakika kumi hazijaisha kaanza. "Huyu hana mikono, ngojeni mtaona kwanini." Nikakohoa. Akaendelea. "Msimwone anacheka huyo, Gabbar huyo, akicheka kimbia." Nikakohoa tena kama mwenyekiti, mtoto mmoja akaniletea maji. Watu wote walishageuza shingo wanamwangalia bibi, sio shuka la kuonyeshea muvi.

Bas nikaacha. Na wallah ndo nikaiona Sholay kwa mara ya kwanza, japo nilishaiona peke yangu kwenye simu. Pale Basanti anabwabwaja kwenye kigari chake cha farasi bibi anambwabwajia kwa Kiswahili cha Chumbageni, sauti imebana puani, uani kote kicheko. Alafu ile sarafu anayorusha Jai, yaani Amitabh, kila wakitaka kuamua jambo, bibi akasema kwa sauti ya chini, "mwanangu wewe, ina sura moja pande zote", ametuharibia mwisho kabisa, lakini kuanzia hapo kila sarafu ikirushwa hewani watu wanashika kifua manake wanajua inaelekea wapi. Kijana mmoja akabisha, steringi hafi! Bibi akamjibu, "Ngoja."

Nyumbani sikulala vizuri nikiwaza ile sheria. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, mtu kakaa na kipaza sauti anatutafsiria kanda za Kichina na kuongeza na ya kwake, na nilikuwa nalipia nikiwa na miaka tisa, leo nikipewa uenyekiti nafanya watu wakae kama kwenye mtihani wa taifa.

Baada ya hapo tuliangalia Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012, ambayo kwangu ndo muvi ya mwaka na sijali nani anapinga. Mwas, kijana anauza DVD kijijini, na haziuzi kwa kusema bei, anaziigiza, anapiga ngumi hewani, anakufa na kuamka, mpaka mteja ananunua. Niliwageukia mkawa mnamwangalia bibi. Kisha anaenda Nairobi kutafuta uigizaji na jiji linamla siku ileile aliyoshuka, mpaka selo, mpaka kusafisha choo kile ambacho vijana wetu walikipigia kelele mtaa mzima ukasikia. Sheng ya mle ndani ilitupita nyingine, ila kuna mwanachama aliishi Mombasa akawa anatoa maana, na hapo hakuna aliyesema nyamaza.

Supa Modo ya Likarion Wainaina tumeiangalia mwishoni, mtoto Jo anaumwa na hatapona, anapenda mashujaa wa muvi, dada yake anawapanga watu kijiji kizima wajifanye kweli ana nguvu zile. Ni fupi, haifiki hata saa moja na nusu. Siku hiyo ndo ukumbi ulinyamaza wenyewe bila sheria ya mtu. Nilimsikia tu mzee wa bandarini anapenga kamasi, akasema ni vumbi.

Kwahiyo sheria nimeifuta, iandikwe kwenye kumbukumbu. Muvi za mwakani tutachagua kwanza tunazoweza kuzisikia, na zile za kusoma chini hatuweki mpaka apatikane mtu wa kuzisema kwa sauti. Spika moja imekufa baada ya kumwagiwa chai na mtu ambaye tunamjua na anajijua. Ya kufungulia mwaka anachagua bibi, kashasema ni ya Kihindi na ni ndefu, kwahiyo njooni mmekula.