Maoni ya Holes, na kikao cha Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Nimesikiliza jumbe zenu zote za sauti kuhusu Holes, riwaya ya Louis Sachar, hata ile ya dakika saba (mwenyewe unajijua).

Wengi mmekwama palepale: kijana Stanley anahukumiwa kwa viatu ambavyo hakuviiba, anapelekwa kambi ya Green Lake kule Texas, ziwa lenyewe lilishakauka zamani, na kila siku achimbe shimo la futi 5 kwenda chini, futi 5 upana. Mmoja wetu kaandika, "Hii si adhabu, ni kibarua cha bure." Hapo sina la kuongeza.

Mnaolalamika kwamba hadithi za kale zinakatiza mambo, vumilieni. Bila Kate Barlow, yule jambazi wa zamani, na vitunguu vya Sam, yule muuza vitunguu, mwisho hauelewiki.

Ila mbona hakuna aliyemgusa Zero, yule mvulana mwingine wa kambini? Anamchimbia Stanley sehemu ya shimo ili afundishwe kusoma. Huo ni urafiki au biashara? Jumamosi saa 10 jioni tuanzie hapo.

Na aliyeazima nakala yangu aje nayo, tafadhali. Kuna mtu anaisubiri.