Kabla ya Kulipia Safari: Yaliyopo na Yasiyopo katika Makumbusho na Magofu ya Tanzania

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi kutoka kwa wateja wa safari za kihistoria hayahusu gari wala malazi. Yanahusu mtu aliyesafiri mwendo mrefu kwenda kuona kitu ambacho hakipo mahali alipodhani kipo. Ofisi yetu ndogo hupanga ziara za makumbusho, maktaba na magofu kwa familia, shule na vikundi vya kazini hapa Tanzania, na tumeona ni vyema tueleze mapema kile ambacho mgeni atakikuta, kwa kuwa matangazo mengi ya safari huonyesha picha nzuri na kunyamazia mengine.

Bonde la Oldupai, huko Ngorongoro, ndilo linaloongoza kwa maswali. Mwezi Julai 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey alipata huko fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na makumbusho yaliyofunguliwa kwenye ukingo wa bonde hilo mwaka 2017 yanaeleza habari hizo kwa ufasaha. Hata hivyo fuvu lenyewe liko Dar es Salaam, chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, na kinachoonekana Oldupai ni nakala. Hata Dar es Salaam kwenyewe huwa tunauliza kwanza kama siku hiyo fuvu hilo limewekwa mbele ya wageni. Nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu huko Laetoli nazo, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, zilifukiwa upya kwa makusudi ili zisiharibiwe na mmomonyoko na mizizi ya miti, hivyo mgeni huonyeshwa nakala yake. Hatuoni kwamba hilo linapunguza thamani ya safari, maana kusimama juu ya bonde na kuyatazama matabaka ya udongo yalivyopangana kwa rangi zake ni jambo ambalo haliwezi kuhamishiwa mjini. Tunachotaka ni mzazi asiwaahidi watoto kitu kingine.

Wapo pia wanaotuomba tuwapeleke Tendaguru, mkoani Lindi, wakaone mifupa ya dinosaria. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba huko zaidi ya tani 200 za visukuku, vikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa kwenda Berlin, ambako mpaka leo amesimamishwa mfupa kwa mfupa mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mjadala wa kurejeshwa kwa mifupa hiyo ni wa miaka mingi na hatuna uwezo wa kuumaliza sisi. Kwa upande wa biashara, hatuuzi Tendaguru kama matembezi ya familia, hata mteja akiwa tayari kulipa.

Iringa ni habari nyingine kabisa, na kama mteja ana siku chache tu, huko ndiko tunakopendekeza kwanza. Katika kijiji cha Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, kuna makumbusho madogo yaliyojengwa mahali palipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani kule Lugalo mwezi Agosti 1891, akapoteza ngome yake mwaka 1894, na mwaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa akiwa hai. Kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirejeshe, lakini ilikuwa hadi mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipomkabidhi fuvu hilo Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baada ya Uhuru alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Fuvu hilo lipo Kalenga na wageni wanaliona. Lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo na vya watu wa ukoo wake, na wapo wanahistoria wanaolitilia shaka. Mtunza makumbusho tumwachie alieleze, na mgeni aulize maswali yake kwa adabu, kwani hapo ni mahali pa msiba pia. Siku hiyo hiyo mtu anaweza kufika Isimila, penye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji, bila kuharakishwa.

Kilwa inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo safari inayoharibiwa zaidi na ratiba mbovu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300, kisha kinatafutwa kibali, ndipo mtu huvuka kwa boti hadi Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, bado una matao na kuba ambazo hata mtu asiyejua lolote kuhusu ujenzi atazistaajabia. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, ni tofauti: zimebaki kuta fupi, ngazi na birika lenye pembe nane juu ya jabali linaloitazama bahari. Asiye na mwongoza wageni atamaliza kuzunguka mapema na kuuliza kasri liko wapi, ilhali aliyesimuliwa habari za dhahabu ya Sofala (bandari ya kale katika Msumbiji ya leo), sarafu za shaba zilizotengenezwa hapo hapo kisiwani na ziara ya msafiri Ibn Battuta ya mwaka 1331 hukaa mpaka nahodha amwite. Songo Mnara, ambayo pamoja na Kilwa Kisiwani iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, iko mbali zaidi, na maji yakiwa yamekupwa mgeni hulazimika kushuka na kutembea kwenye tope la mikoko. Kwa hiyo saa ya kuondoka huamuliwa na nahodha kwa kufuata maji, na tunashauri kulala Kilwa Masoko usiku mbili.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006, iko mahali pake pale pale ilipochorwa, ila mingine imefifia na kuifikia ni kupanda mlima kwa miguu kutoka Kolo. Bagamoyo ni nyepesi zaidi: magofu ya Kaole na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 huonekana kwa siku moja kutoka Dar es Salaam.

Zanzibar, kwa Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), hatutoi ahadi. Jengo hilo la Sultani Barghash la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na kila tunapopanga ziara ya Mji Mkongwe huuliza kwanza hali ya ukarabati.

Kuhusu maktaba, tunawaomba walimu wasizipange kama sehemu za kupitia kwa dakika chache. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967, ni mahali pa kusoma, na thamani yake hujitokeza mwanafunzi anapokwenda akiwa na swali, kwa mfano magazeti yaliandika nini wiki ya Azimio la Arusha. Kundi kubwa lipeleke barua ya maombi mapema.

Viingilio hulipwa kwa viwango tofauti kwa raia na wageni kutoka nje, kwa hiyo kila Mtanzania aje na kitambulisho. Anayetaka tumpangie safari atuandikie vitu anavyotaka kuviona, badala ya majina ya miji tu, nasi tutamjibu kwa maandishi kabla hajalipa chochote. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hatuchukui malipo ya awali ya Songo Mnara, kwani bahari ikichafuka nahodha hatoki.