Kifungashio cha tishu: pima pakiti iliyojaa kabla ya kuchora

Wateja wengi wanaotaka kifungashio cha tishu za chooni huanza na swali la rangi. Sisi huomba roli kwanza. Pakiti ya tishu haina pande zilizonyooka kama boksi. Ni plastiki laini iliyovutwa juu ya vitu vya mviringo vinavyobonyea, na mchoro uliopendeza kwenye skrini ukifika mashineni hupinda, au nusu yake humezwa na mshono.

Tuseme una roli nne zenye kipenyo cha milimita 110 na kimo cha milimita 100, zimesimama mbili juu ya mbili. Pakiti itakuwa na upana wa 220, kina cha 110 na kimo cha 200. Mzunguko wake ni 660. Ongeza 25 za mshono wa nyuma, plastiki inakuwa na upana wa 685. Kwa urefu, juu na chini kila upande huongezewa nusu ya kina, yaani 55, pamoja na 15 za kupishana ili joto lipate pa kushikisha. Jumla 340. Kama mashine yako inabana roli kabla ya kuzifunga, pima zikiwa zimebanwa, la sivyo pakiti italegea na maandishi yatajikunja.

Zile milimita 70 za juu na 70 za chini ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Hukunjwa kama bahasha, kisha huchomelewa. Usiweke huko jina, idadi ya roli wala msimbo pau. Hata kwenye uso wa mbele, jina liishie milimita 15 kabla ya mkunjo, maana plastiki haitui palepale kila pakiti.

Kuhusu kuonekana: rafu za tishu zimejaa buluu iliyofifia, mawingu na manyoya. Ukiongeza unyoya wako, umejificha kwa gharama yako mwenyewe. Chagua kitu kimoja kikubwa, labda rangi moja iliyokolea inayozunguka pakiti nzima, kisha simama mita 3 mbali. Jina lisiposomeka, herufi ni ndogo. Lirudie mbele, nyuma na ubavuni, kwa kuwa mpanga rafu hatakuuliza pakiti ielekee wapi.

Rangi chache zina faida nyingine. Katika uchapaji wa fleksografia, yaani wa pleti laini zilizofungwa kwenye rola, kila rangi ina pleti yake, na plastiki huvutika kidogo inapopita kutoka rola moja hadi nyingine. Herufi ndogo nyeupe zikiachwa wazi ndani ya eneo lenye rangi tatu zilizopandana, rangi moja ikihama robo milimita tu herufi huzibika. Eneo hilo lipe wino mmoja. Na kama plastiki ni ya kuonyesha ndani, rangi ziwe na tabaka la wino mweupe nyuma yake; bila hilo hufifia.

Msimbo pau ndio huleta malalamiko baada ya mzigo kufika dukani. EAN-13, yaani msimbo pau wa tarakimu 13 unaotumika madukani, ya ukubwa wa kawaida, pamoja na nafasi tupu pembeni, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na isipunguzwe chini ya asilimia 80. Wachoraji hupenda kuila ile nafasi tupu; mashine ya kusoma haijui tena msimbo unaanzia wapi. Mistari isiwe myekundu, kwa sababu visomaji vingi hutumia mwanga mwekundu na huiona kama nyeupe. Ielekezwe upande plastiki inakopita kwenye mtambo, ili isinenepe wino unapoburutika. Halafu uweke katikati ya roli moja: kati ya roli na roli plastiki hubonyea na msimbo hukunjamana.

Unene wa plastiki kwa kawaida ni kati ya mikroni 25 na 40. Pakiti kubwa yenye kishikio huhitaji kipande cha kuimarisha, na tundu la kishikio liwe na kona za mviringo, kwani kona kali ndiyo mwanzo wa kuchanika. Weka pia vitobo vidogo vya kutolea hewa. Bila hivyo pakiti huvimba zikibanwa kwenye robota na mshono hufumuka.

Wino ukibanduka mikononi mwa mteja, mara nyingi kosa si la wino. Uso wa plastiki unapaswa kutibiwa kwa umeme hadi kufikia angalau daini 38 kwa sentimita (kipimo cha jinsi uso unavyoshika wino), na tiba hiyo hupungua nguvu plastiki ikikaa sana stoo. Bandika selotepu juu ya rangi, isugue kwa kidole, ivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, usipokee mzigo.

Andika idadi ya vipande, tabaka na ukubwa wa kipande. Vipande 200 vya milimita 110 ni mita 22, hata roli ikizungushwa kwa kulegea ionekane nene.

Kabla ya kuagiza pleti, chukua plastiki isiyochapwa, chora miraba ya sentimita 5 kwa kalamu ya wino usiofutika, ipitishe mashineni na roli halisi. Tuletee pakiti hizo bila kuzifungua, pamoja na roli za siku tofauti za uzalishaji, kwa sababu kipenyo hubadilika. Tutachora kwa kufuata mahali miraba ilipopinda.